Chuma Chini ya Biskuti

Majira yale ya baridi, mwaka wa pili wa vita vya Iraki, mji wa Harmon Creek katika jimbo la Ohio ulikuwa umefungwa utepe wa njano kila mahali panapofungika: miti ya barabara kuu, nguzo za taa, mlingoti wa shule, hata pampu ya petroli iliyokufa zamani na ambayo hakuna aliyejisumbua kuing'oa. Utepe ule ulisema neno moja tu: hapa tunawaunga mkono askari wetu. Namna ya kuwaunga mkono haikuulizwa. Fundo lilikwisha kufungwa, watu wakarudi ndani kuota moto.

Utepe wa kwanza aliufunga Lorene Trautman. Alikuwa mpishi wa shule, mjane wa miaka hamsini na sita, na mwanawe wa pekee, Darla, alikuwa huko Iraki akiendesha lori la jeshi la akiba la jimbo. Lorene aliviamini vita vile. Aliviamini kama alivyoamini kwamba maziwa hayaachwi karibu na jiko, yaani bila kelele na bila kuhitaji ushahidi. Rais amesema, wakubwa wamekaa wakapima, na yeye alikuwa na watoto mia tatu wa kulishwa kila mchana.

Jumapili moja ya mwanzo wa Februari Darla alipiga simu.

"Mama, hizo biskuti sasa basi. Tunazo za kujengea ukuta."

"Nitume nini basi, soksi?"

"Nitumie chuma."

Lorene alivuta kiti, akakaa mezani na simu sikioni.

"Mlango wa lori langu ni bati, mama. Kopo la maharage. Ukiusukuma kwa kidole gumba unabonyea. Wenzetu wa jeshi lenyewe wamepewa malori yenye milango ya kueleweka, sisi wa akiba tumepewa mabaki. Tulikuwa tunaokota vyuma jalalani tunavifunga milangoni. Sasa jalala limekwisha."

"Mmemwambia mkubwa wenu?"

"Mkubwa wetu ndiye aliyetuonyesha jalala."

"Darla, usinitanie."

"Sikutanii. Tarehe ishirini na moja Machi tunahamishiwa barabara ya kaskazini. Barabara ile si ya kupita na kopo la maharage. Nikipata chuma kabla ya siku hiyo, nitalala vizuri. Nisipopata, basi, nitaendesha hivyo hivyo."

Baada ya simu Lorene alikwenda dirishani. Ng'ambo ya ua wake ilikuwa karakana ya Emmett Sowa, na mbele ya karakana, pembeni mwa barabara, palikuwa na ubao mweusi wenye namba iliyoandikwa kwa chaki. Ilikuwa hesabu ya askari waliokufa huko Iraki. Kila asubuhi Emmett alitoka na kikombe chake cha kahawa, akaifuta namba ya jana, akaandika ya leo. Miaka miwili nyuma, wiki ya kwanza ya ubao ule, Lorene alivuka barabara na fagio akaifuta namba mbele ya macho ya mwenyewe. Tangu hapo hawakusalimiana. Lakini Harmon Creek nzima, mwenye mtungi wa gesi wa kukatia chuma na chuma chenyewe alikuwa mmoja tu.

Alivuka barabara siku ya Jumatatu, akiwa amevaa koti lake la kanisani.

"Leo hujaja na fagio," Emmett alisema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake.

"Nahitaji chuma."

"Cha nini?"

Akamweleza. Emmett alizima moto, akavua miwani ya kazi. Alikuwa mzee wa miaka hamsini na nane mwenye sikio moja lililokufa Vietnam, na kinywa ambacho kwa maoni ya mji mzima ndicho kilichopaswa kufa badala ya sikio.

"Ngoja nielewe. Serikali imemchukua mtoto wako, imempa gari la makopo, halafu mama mtu anakuja kwangu, msaliti wa taifa, kuomba mlango?"

"Sikuja kuhubiriwa, Emmett. Kama hutaki, sema nirudi jikoni kwangu."

"Nani kasema sitaki?" Alikwenda nyuma ya karakana, akapiga teke kijiko cha tingatinga kuukuu kilichokuwa kimelala kwenye theluji. "Hiki kimechimba mawe miaka ishirini hakijapinda. Chuma cha kawaida risasi inapita kama uma kwenye keki. Hiki kitaikasirisha kidogo. Lakini mlango mzima hutaupeleka posta."

"Kuna yale masanduku ya bei moja. Unajaza unachotaka, mradi yasizidi ratili sabini."

Emmett alimtazama, akacheka kwa mara ya kwanza. "Kumbe unajua kufikiri. Miaka miwili nimekudhulumu."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Emmett alikata vipande vya inchi nane kwa kumi na moja, saizi ya kuingia sandukuni barabara, akatoboa kila kimoja matundu manne kwa kekee ili huko mbele vifungwe kwa bolti, kimoja kikilalia kingine kama magamba ya samaki. Mlango wa dereva ulihitaji vipande thelathini, safu mbili. Kumi kwa sanduku. Masanduku matatu. Jioni baada ya kazi Lorene alikuja kusugua kingo kwa msasa, kwa sababu Darla alikuwa na tabia ya kujikata.

"Utawaambia watu?" Emmett alimwuliza siku ya tatu.

"Niwaambie nini?"

"Kwamba wanafunga utepe wakati watoto wao wanaokota jalalani. Wewe wakikusikia watanyamaza. Mimi nikisema wananiita kichaa."

"Hawakosei sana."

"Lorene."

"Hapana. Ukishamtia Darla mdomoni mwako atageuka kuwa bango. Mwanangu si namba ya chaki. Mimi nataka mlango tu."

"Mlango wenyewe ni siasa, dada yangu. Nani alitia saini wapewe malori yale? Mvua?"

"Sijui nani. Najua vita vina haki na mlango hauna chuma. Naweza kujua vyote viwili kwa pamoja."

Emmett aliwasha tena moto wake. Katika umri wake alikwisha jifunza kwamba mtu akikupa sentensi kama ile, hutaibomoa kwa mdomo.

Kila Jumanne jioni, katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, Kamati ya Kuunga Mkono Askari ilikutana kufunga vifurushi. Mwenyekiti alikuwa Harlan Biddle, mwenye duka la matrekta, mtu mwema kwa kiasi anachoweza mtu kuwa mwema bila kupata hasara. Mwaka sitini na nane, vijana wa rika lake walipokuwa wakiitwa Vietnam, daktari aligundua kwamba Harlan ana miguu bapa, hafai jeshini. Miguu hiyo haikuwahi kumzuia kucheza mpira wa kikapu mpaka fainali ya wilaya. Emmett alikuwa timu moja naye, na alikumbuka hata alama alizofunga. Sasa Harlan alivaa beji ya bendera kifuani na sauti yake ilikatika kila alipotamka neno askari. Sauti hiyo haikuwa ya kuigiza. Kilichokuwa kibaya ni kwamba aliamini kabisa.

Lorene alilifunga sanduku la kwanza nyumbani kwake: vipande kumi chini, gazeti, kisha biskuti za shayiri na zabibu juu. Alilibeba mwenyewe kwenye theluji kwa toroli ya watoto ya kuburuta, akafika posta. Kifurushi cha jeshi lazima kijaziwe fomu ya forodha. Watu wote wa kamati huandika "vitu vya nyumbani" wakaendelea na maisha. Lakini chini ya fomu ile pameandikwa kwamba kudanganya ni kosa mbele ya serikali, na Lorene alikuwa Mlutheri wa ukoo wa Walutheri, watu ambao wakipewa mstari wa kujaza huujaza. Akaandika kwa herufi za mwandiko wa shule: Vipande vya chuma vya mlango wa lori, kumi. Biskuti, dazeni mbili.

Nadine, karani wa posta, alisoma fomu, akalisukuma sanduku kwenye mizani, akaisoma tena.

"Huu mlango wa lori la nani, Lorene?"

"La Darla."

"Hawakumpa mlango?"

"Walimpa wa bati."

Nadine aligonga mhuri taratibu. Hakusema neno. Alisema baadaye, saluni, na kwa dada yake, na kwa mtu wa gazeti la wilaya aliyekuja kununua stempu. Kufikia Alhamisi Harlan Biddle alikuwa amesimama jikoni shuleni, kofia mkononi, katikati ya mvuke wa tambi za jibini.

"Lorene, mama wa askari, unajua jinsi ninavyokuheshimu."

"Sogea kidogo, utaungua."

Akasogea. "Watu wanaongea. Wanasema wanajeshi wetu wamepelekwa uchi."

"Si uchi. Milango tu."

"Jumamosi ya tarehe kumi na tisa tuna kifungua kinywa cha kusherehekea sanduku la mia tano. Mbunge wetu anatoka Washington kuja kula chapati za maji pamoja nasi. Gazeti likiandika habari za chuma, wale jamaa wa Emmett wanaopinga vita watasherehekea. Na adui anasoma magazeti, Lorene. Hilo halimsaidii Darla."

"Kinachomsaidia Darla ni nini?"

"Kujua kwamba tupo nyuma yake."

"Nyuma yake sina wasiwasi, Harlan. Risasi zinatoka ubavuni."

Harlan alicheka kidogo kwa adabu, kisha akaona mwenzake hacheki. Akabadili njia. Alisema si vizuri mjane kuburuta masanduku ya ratili sitini kwenye barafu. Kamati ina pikapu, kamati ina vijana, kamati itayachukua yaliyobaki pamoja na mengine na kuyafikisha posta. Fomu pia wataijaza wao. Ilikuwa ni namna ya watu wa Harmon Creek kutokataa msaada unaoletwa mlangoni. Kukataa ni kumwambia mwenzako kwamba unamwona mwizi. Lorene alishukuru. Wiki iliyofuata alimpa sanduku la pili, na nyingine iliyofuata la tatu, yakiwa yamefungwa.

Alisahau jambo ambalo yeye mwenyewe alilianzisha mwaka uliopita: kila sanduku la kamati hufunguliwa ukumbini, kadi za watoto wa shule zikatiwa juu, ndipo likafungwa tena.

Ijumaa ya tarehe kumi na nane Machi, alasiri, alipokuwa akiosha sufuria la mwisho, Darla alipiga simu ya shule.

"Mama, yale magamba ni kazi safi. Fundi wetu anauliza nani alikata."

"Emmett."

"Emmett yupi? Wa ubao? Acha." Darla alicheka mpaka akakohoa. "Haya, mwambie yamekaa vizuri. Yamefika magotini. Sanduku la pili la chuma lini?"

"Lipo kwako. Na la tatu lazima limekaribia."

"Yote mawili yamefika, mama. La pili lilikuwa biskuti na kadi. La tatu biskuti na kadi sitini za watoto. Nikafikiri chuma kimekwisha."

Lorene alizima bomba la maji.

"Mama? Si kitu. Jumatatu tunaondoka, tutaona huko. Nitaweka mfuko wa mchanga pajani."

Hakuwa na haja ya kuuliza mtu. Alivua aproni, akatembea mpaka duka la matrekta. Harlan alikuwa ofisini, na alipomwona alisimama haraka kama mtu aliyekwisha isikia hukumu yake.

"Kiko wapi?"

"Kipo salama. Stoo ya nyuma, nimekifunika turubai. Lorene, nisikilize. Nilimpigia simu mtu anayejua mambo haya. Anasema chuma kisicho cha jeshi kinaweza kuvunja springi za lori. Lori likapinduka. Ungejisamehe?"

"Uliniambia?"

"Nilitaka kukuambia baada ya mbunge kuondoka."

"Baada ya mbunge kuondoka Darla atakuwa njiani."

"Nilifanya kwa nia njema."

"Najua," Lorene alisema. "Nipe ufunguo."

"Kesho. Baada ya kifungua kinywa, neno langu. Nitakupeleka posta mwenyewe kwa pikapu. Leo nina watu hapa."

Watu aliokuwa nao walikuwa wawili, wakipima meza za maonyesho kwa futi. Posta ilikuwa imekwisha funga dakika ishirini zilizopita. Lorene aliwatazama wale watu wawili, akamtazama Harlan, akaenda nyumbani. Jioni ile Emmett alimwona kutoka karakanani akiwa amekaa ngazini kwake na koti bila kofia, akavuka barabara. Alipoelezwa alikaa ngazini kando yake.

"Baba yake Harlan," alisema mwishowe, "alikuwa mwenyekiti wa kamati ya namna hii tulipokuwa sisi kule Vietnam. Tuliandika nyumbani kwamba bunduki zinakwama. Unajua walitutumia nini? Jamu ya matofaa. Nilikula jamu ile mpaka leo siwezi kuitazama."

"Kesho usije kupiga kelele."

"Nije kufanya nini basi?"

"Njoo na gari."

Asubuhi ya Jumamosi ukumbi wa michezo wa shule ulijaa. Watu mia mbili hamsini, chapati za maji, soseji, kahawa katika vikombe vya karatasi. Jukwaani palikuwa na sanduku la mia tano limezungushiwa utepe, na mbunge, mwanamume mrefu wa meno mazuri, alikuwa akisubiri kulinyanyua kwa ajili ya picha. Harlan alishika kipaza sauti. Sauti yake ilikatika mara mbili. Alisema kuwa katika nchi hii watu wanaweza kutofautiana juu ya mambo mengi, lakini juu ya askari wetu hakuna tofauti.

Saa nne na dakika hamsini, Lorene alishuka kutoka safu ya tatu, akapita kati ya meza, akasimama chini ya jukwaa.

"Harlan, nipe ufunguo wa stoo."

Harlan alishusha kipaza sauti, lakini hakukizima. "Baadaye, Lorene," ikasikika mpaka jikoni.

"Posta inafunga saa sita."

"Tukimaliza."

"Darla anaingia barabarani kesho kutwa. Nimepoteza wiki nne. Sitaki kupoteza na Jumamosi."

Mbunge aliinama kwa upole wa mtu aliyezoea wajane. "Ufunguo wa nini, mama?"

"Wa stoo yake. Kuna chuma cha mlango wa lori la mwanangu. Alikitoa sandukuni akaweka biskuti."

Alisema kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mtoto kwamba supu imekwisha. Mtu mmoja karibu na mlango alisema, "Kaa chini, mama, hapa si mahali pake," na mwanamke wa meza ya pili akamjibu bila kugeuka, "Mahali pake ni wapi, Roy? Makaburini?" Watu wa meza kadhaa waliinamia sahani zao. Wengine walimtazama Lorene kwa hasira ya kweli, kwa sababu alikuwa amewaharibia asubuhi ambayo walikuja kuipenda.

Harlan alipapasa mfuko wa koti, kisha wa suruali. Alipoutoa ufunguo macho yake yalikuwa na maji. "Mimi ndiye niliyeandaa yote haya kwa ajili yao," alisema, na kipaza sauti kikamchukua tena.

"Ndiyo," Lorene alisema. "Asante kwa chapati."

Nje Emmett alikuwa ameshawasha gari. Hakuingia ukumbini, hakuleta ubao. Walivitoa vipande ishirini chini ya turubai, wakavifunga upya kwenye meza ya posta, na Nadine akawaachia dirisha wazi mpaka saa sita na robo. Fomu ziliandikwa kama zilivyopaswa kuandikwa.

Masanduku yalichukua siku kumi na moja kufika. Siku ya sita, kwenye barabara ya kaskazini, bomu lililipuka, na kipande cha chuma cha mtu mwingine kilipita katika bati la mlango wa Darla, kimo cha kiganja juu ya mstari wa magamba, kikaingia pajani. Miguu yake chini ya goti haikuguswa. Madaktari wa hospitali ya jeshi kule Ujerumani waliuokoa mguu, ingawa walisema hautakunjika tena kama zamani. Aliyempigia Lorene simu kumweleza alikuwa mtu wa adabu sana, na alimwambia kwamba nchi inamshukuru.

Masanduku mawili yalipofika kikosini, fundi aliyafungua kwa sababu hayakuwa na mwenyewe, akafunga vipande vyote ishirini kwenye mlango uleule, juu ya tundu. Lori likapewa dereva mwingine, kijana wa Indiana. Darla alimwandikia mama yake habari hizo kwa penseli, akiwa kitandani, na akaongeza kwamba kikosi kina malori kumi na tisa mengine.

Kamati iliendelea kukutana Jumanne. Lorene hakufukuzwa, hakuna aliyemfukuza. Walianza tu kukutana saa ambayo bado yuko jikoni shuleni.

Siku aliyoipata barua ile alivuka barabara. Emmett alikuwa akiandika namba.

"Kabla hujaanza," Lorene alisema, "mimi bado nadhani ilibidi twende kule."

"Sikuuliza."

"Ulikuwa njiani kuuliza."

"Nilikuwa njiani kukupa kahawa."

Alikipokea kikombe, akampa barua. Emmett aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akageuka kukitazama kile kijiko cha tingatinga kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka. Kilikuwa kimebaki robo.

"Hakitatosha hata malori matatu," alisema.

"Kuna kingine kwenye machimbo ya kokoto ya zamani. Nilikiona tulipokwenda kumzika shemeji."

"Kile ni mali ya Harlan."

"Najua," Lorene alisema. "Nimekwisha mpigia simu. Anasema atafikiri."

Emmett aliweka chaki mfukoni, akaenda kutafuta mnyororo wa kuvutia.